Dawa za kibayolojia kwa ugonjwa wa Crohn: Kifua kikuu kipimwe kwanza

UGONJWA wa Crohn ni maradhi ya kudumu ya njia ya chakula. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na viini vinavyoingia kutoka nje, huugeukia utumbo wenyewe na kuusababishia vidonda, uvimbe na makovu.

Maradhi haya hayana tiba ya kuyaondoa kabisa. Hata hivyo, tangu mwaka wa 1998 zimekuwepo dawa za kibayolojia ambazo zimewawezesha wagonjwa wengi kurejea kazini na shuleni, na kuepuka kisu cha daktari wa upasuaji.

Kwa mgonjwa anayeishi Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta, dawa hizo huja na sharti lisilokwepeka. Kabla ya sindano ya kwanza, ni lazima ithibitishwe kwamba hana kifua kikuu, kiwe kile kinachoonekana au kile kilicholala mwilini bila dalili. Sharti hili si urasimu wa hospitali. Likipuuzwa, dawa iliyokusudiwa kumpa mgonjwa nafuu yaweza kumwangamiza.

Maradhi yenyewe

Crohn waweza kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula, kuanzia kinywani hadi kwenye njia ya haja kubwa. Aghalabu hushika mwisho wa utumbo mwembamba, pale unapoungana na utumbo mpana, upande wa kulia chini ya kitovu.

Dalili zake ni kuhara kwa wiki nyingi, maumivu ya tumbo, kukonda, uchovu, homa za mara kwa mara na upungufu wa damu. Baadhi ya wagonjwa hupata vidonda vya kinywa, maumivu ya viungo, au fistula na majipu karibu na njia ya haja kubwa. Maradhi huweza kutulia kwa miezi kadhaa, kisha yakaamka tena.

Jina lake latokana na Burrill Crohn, daktari wa hospitali ya Mount Sinai jijini New York. Mwaka wa 1932, yeye na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer walichapisha maelezo ya wagonjwa 14. Hata kabla yao, mwaka wa 1913, daktari wa upasuaji wa Scotland, Kennedy Dalziel, alikuwa ameeleza maradhi ya utumbo yaliyofanana na kifua kikuu lakini ambayo hayakuwa kifua kikuu.

Katika Afrika Mashariki, ugonjwa huu ulihesabiwa kwa muda mrefu kuwa wa watu wa Ulaya na Marekani. Daktari Denis Burkitt, aliyefika Uganda mwaka wa 1946 na kufanya kazi kwa miaka mingi katika hospitali ya Mulago, aliandika sana katika miaka ya 1970 kwamba magonjwa kadhaa ya utumbo yaliyozagaa Magharibi yalikuwa nadra miongoni mwa Waafrika wa vijijini. Siku hizi ugonjwa wa Crohn hutambuliwa pia Afrika, hasa mijini na mahali palipo na vifaa vya kuchunguza utumbo. Lakini daktari anayekutana na mgonjwa aliyekonda, mwenye homa na maumivu ya tumbo, bado ana sababu nzuri ya kukifikiria kifua kikuu kwanza.

Pacha asiyetakikana

Watu wengi hudhani kwamba kifua kikuu ni maradhi ya mapafu pekee. La hasha. Viini vyake huweza kushika tezi, mifupa, ubongo, figo na utumbo. Vinaposhika utumbo, hupenda mahali pale pale panapopendwa na Crohn, yaani mwisho wa utumbo mwembamba.

Dalili nazo hufanana mno: maumivu, kuhara, homa, kukonda na kuziba kwa utumbo. Hata kamera ikiingizwa ndani, vidonda vya magonjwa haya mawili huweza kumchanganya mtaalamu mzoefu.

Shirika la Afya Duniani limeiorodhesha Kenya miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani. Kaunti ya Taita Taveta ina mambo yake yanayoongeza tahadhari. Wapo wachimbaji wa vito, tsavorite ikiwemo, ambao huvuta vumbi la mawe. Vumbi lenye silika huharibu mapafu na kuyafungulia kifua kikuu mlango. Wapo pia wafugaji ambao wangali wanakunywa maziwa mabichi, na maziwa ya ng'ombe aliyeambukizwa yaweza kuleta kifua kikuu cha utumbo moja kwa moja. Maziwa yachemshwe, kwa mgonjwa na kwa asiye mgonjwa.

Ili kutofautisha, mtaalamu huingiza mrija mwembamba wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa, akakata vipande vidogo vya ukuta wa utumbo. Vipande hivyo huchunguzwa kwa darubini, huoteshwa maabarani ili kuona kama viini vya kifua kikuu vitamea, na hupimwa kwa mashine ya GeneXpert. Matokeo yakikosa kupatikana, si hoja kwamba kifua kikuu hakipo, kwa kuwa katika utumbo viini huwa vichache na hukwepa vipimo.

Pale shaka inaposalia, baadhi ya wataalamu humpa mgonjwa dawa za kifua kikuu kwa miezi 2 hadi 3, kisha humchunguza upya kwa kamera. Vidonda vikiwa vimepona, ilikuwa kifua kikuu na matibabu hukamilishwa. Visipopona, Crohn hupewa uzito zaidi. Mgonjwa huona kwamba anacheleweshwa, ilhali kucheleweshwa huko kwaweza kuwa ndiko kunakomwokoa.

Dawa za kibayolojia ni nini?

Dawa za kawaida, kama vile prednisoloni na azathiopurini, hutengenezwa kwa kuchanganya kemikali. Dawa za kibayolojia hutengenezwa na chembe hai zinazokuzwa viwandani. Nyingi kati yake ni kingamwili, yaani protini zilizoundwa kushika shabaha moja tu mwilini.

Msingi wake uliwekwa mwaka wa 1975 mjini Cambridge, Uingereza, ambapo César Milstein na Georges Köhler walibuni njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja kwa wingi. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1984. Mwaka wa 1993 madaktari wa Amsterdam, Uholanzi, waliripoti jinsi kingamwili ya aina hiyo ilivyomsaidia msichana aliyekuwa na Crohn mkali. Agosti 1998, Marekani iliidhinisha infliksimabu kuwa dawa ya kwanza ya kibayolojia kwa ugonjwa huu.

Infliksimabu hushika protini iitwayo TNF, ambayo huchochea uvimbe. Adalimumabu, iliyoidhinishwa kwa Crohn mwaka wa 2007, hufanya kazi iyo hiyo. Baadaye zilikuja vedolizumabu (2014), inayolenga zaidi kinga ya utumbo pekee, na ustekinumabu (2016), inayozuia protini nyingine za uvimbe. Mwaka wa 2019, Shirika la Afya Duniani liliiingiza adalimumabu katika orodha yake ya dawa muhimu.

Dawa hizi si muujiza. Katika utafiti mkubwa wa infliksimabu uliochapishwa mwaka wa 2002, wagonjwa 573 walipewa dozi moja. Baada ya wiki 2, wagonjwa 335 kati yao walikuwa wamepata nafuu. Hiyo ni asilimia 58. Waliosalia hawakuwa na kosa lolote, miili hutofautiana.

Boma linapobomoka

Mtu akivuta viini vya kifua kikuu, mara nyingi mwili hauviui vyote. Chembe za kinga huvizunguka na kuvifungia ndani ya vinundu vidogo, kama wafugaji wanavyozungushia boma miiba ili mnyama mkali asipite. Viini hulala humo miaka mingi, pengine maisha yote, na mwenyewe asijue. Hali hii ndiyo iitwayo kifua kikuu kilicholala. Haimwambukizi mtu mwingine.

TNF ni mojawapo ya kamba zinazoshikilia miiba ya boma hilo. Dawa inayoizuia hutuliza utumbo, lakini papo hapo huweza kulegeza boma na kuviachilia viini.

Ushahidi ulitolewa Oktoba 2001 katika jarida la New England Journal of Medicine. Watafiti walieleza visa 70 vya kifua kikuu kwa watu waliotumia infliksimabu. Wagonjwa 48 waliugua baada ya dozi 3 au chache zaidi. Katika visa 40, maradhi yalikuwa nje ya mapafu. Tangu hapo, onyo kuhusu kifua kikuu limewekwa kwenye maelezo ya dawa hizo, na vipimo vya awali vikawa sharti.

Iwapo hicho kilichodhaniwa kuwa Crohn ni kifua kikuu cha utumbo tangu mwanzo, hatari huwa kubwa zaidi. Mgonjwa huwa amepewa dawa ya kumnyang'anya silaha yule askari aliyekuwa akimlinda.

Vipimo kabla ya sindano ya kwanza

Mgonjwa anatarajiwa kuulizwa kama amewahi kuugua kifua kikuu, kama kuna aliyekiugua nyumbani, kama amefanya kazi migodini au kuishi mahali penye msongamano kama vile gerezani. Ajibu bila kuficha. Aibu hapa haina faida.

Hufuata eksirei ya kifua na kipimo cha kifua kikuu kilicholala. Kipimo cha Mantoux hufanywa kwa kudunga kiasi kidogo cha dawa chini ya ngozi ya mkono, na uvimbe husomwa baada ya saa 48 hadi 72. Anayetoka Taveta au Kasighau kwenda kupimwa Mombasa apange mapema mahali pa kulala, au aulize kama mhudumu wa afya aliye karibu na kwake anaweza kuusoma uvimbe huo. Asiporudi kwa wakati, kipimo hakina maana.

Kwa mtu anayekaribia kuanza dawa za kupunguza kinga, uvimbe wa milimita 5 au zaidi huhesabiwa kuwa ishara ya maambukizi. Kuna pia kipimo cha damu, ambacho hakipotoshwi na chanjo ya BCG wanayopewa watoto wa Kenya wanapozaliwa. Prednisoloni huweza kuficha majibu ya vipimo hivi, kwa hivyo ni vyema kupima kabla ya kuianza, ikiwezekana.

Aidha, mgonjwa hupimwa homa ya ini aina ya B, ambayo nayo huweza kuamka, pamoja na virusi vya Ukimwi, damu na ini. Kupatikana na virusi vya Ukimwi hakumfungii mtu mlango moja kwa moja, bali huhitaji madaktari wake washauriane. Jipu lolote tumboni au karibu na njia ya haja kubwa hutibiwa kwanza.

Kifua kikuu kilicholala kikipatikana

Habari hii haimaanishi kwamba mgonjwa amenyimwa dawa. Maana yake ni kwamba kuna hatua moja ya kutangulia.

Hupewa dawa za kuzuia: isoniazidi kila siku kwa miezi 6 hadi 9, au isoniazidi pamoja na rifapentini mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Kwa kawaida, dawa ya kibayolojia huanza baada ya angalau mwezi 1 wa kinga hiyo, huku dozi zilizobaki zikiendelea hadi ziishe. Katika vituo vya umma nchini Kenya, dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo.

Isoniazidi yaweza kudhuru ini na mishipa ya fahamu. Kwa sababu hiyo huambatanishwa na vitamini B6, na pombe ya aina yoyote, iwe ya chupa au mnazi, inafaa kuachwa. Macho yakigeuka manjano au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, mgonjwa arudi kliniki mara moja. Rifapentini nayo hupunguza nguvu ya tembe za kupanga uzazi na ya baadhi ya dawa za Ukimwi. Daktari ajulishwe kila dawa inayotumiwa, miti shamba ikiwemo.

Ikiwa kifua kikuu ni kile kilichoamka, hutibiwa kwanza, na uamuzi kuhusu dawa ya kibayolojia husubiri ushauri wa wataalamu wa pande zote mbili.

Ratiba, umbali na gharama

Infliksimabu hutiwa polepole kupitia mshipa kwa muda wa kama saa 2. Dozi ya kuanzia ni miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, ikifuatiwa na nyingine baada ya wiki 2 na wiki 6 tangu ile ya kwanza, kisha kila baada ya wiki 8.

Mtu mwenye uzito wa kilo 60 huhitaji miligramu 300, yaani chupa 3 za miligramu 100. Katika mwaka wa kwanza atapata dozi 8, jumla ya chupa 24. Hesabu hii ifanywe na familia nzima kabla ya kuanza, si baada ya dozi ya pili. Mwili wa mtu anayeanza na kuacha huweza kutengeneza kingamwili dhidi ya dawa yenyewe. Akirudi tena, dawa huenda isifanye kazi, au ikamletea mzio mkali.

Adalimumabu hudungwa chini ya ngozi ya paja au tumbo, na mgonjwa aweza kufundishwa kujidunga. Kwa kawaida mtu mzima huanza na miligramu 160, hupata 80 baada ya wiki 2, kisha 40 kila wiki 2.

Mkazi wa Voi anayetafuta daktari bingwa wa utumbo mara nyingi huelekezwa Mombasa, umbali wa takriban kilomita 150, au Nairobi, umbali wa zaidi ya kilomita 300. Treni ya abiria ya SGR, iliyoanza safari mwaka wa 2017 na ambayo husimama Voi, imepunguza machovu ya barabara. Hata hivyo, nauli, malazi na siku za kazi zinazopotea ni sehemu ya bei ya dawa. Inafaa kumuuliza bingwa kama vipimo vya damu, na pengine dozi za baadaye, vinaweza kufanyiwa katika hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Voi, almuradi wapo wahudumu na dawa za dharura za kukabiliana na mzio.

Kuhusu malipo, mwanachama wa bima ya taifa ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, au wa bima ya kibinafsi, aombe jibu la maandishi: je, dawa yenyewe inalipiwa, kwa kiwango gani, na kwa muda gani? Aulize pia kuhusu nakala zilizoidhinishwa za dawa hizi. Ulaya iliidhinisha nakala ya kwanza ya infliksimabu mwaka wa 2013, na kwa kawaida nakala huuzwa kwa bei nafuu kuliko dawa asilia.

Joto la Voi

Adalimumabu huhifadhiwa kwenye jokofu, katika nyuzi 2 hadi 8 za selisiasi. Isigandishwe. Aina nyingi zaweza kukaa nje ya jokofu kwa muda usiozidi siku 14, mradi joto lisipite nyuzi 25. Lakini maelezo ya kampuni iliyoitengeneza yasomwe.

Mchana wa Voi hupita nyuzi 30 mara kwa mara. Dawa iliyoachwa kwenye matatu au chini ya bati yaweza kuharibika bila kubadilika rangi. Ibebwe katika kasha la baridi lenye vipande vya barafu vilivyofungwa kwa kitambaa ili visiiguse. Asiye na umeme wa kuaminika aulize kama kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kumhifadhia. Sindano zilizotumika zitiwe katika chombo kigumu na kurudishwa hospitalini, zisitupwe jalalani.

Chanjo, mpaka na watoto wachanga

Mtu anayetumia dawa hizi hapaswi kupewa chanjo zenye viini hai, ikiwemo ya homa ya manjano. Jambo hili ni muhimu kwa wanaovuka mpaka wa Taveta na Holili kuingia Tanzania, ambako msafiri aweza kudaiwa cheti cha chanjo hiyo. Anayeihitaji aipate angalau wiki 4 kabla ya kuanza dawa. Aliyekwisha kuanza amwombe daktari barua ya kueleza sababu.

Mjamzito asiiache dawa kwa hofu, kwani maradhi yakiamka humdhuru yeye na mimba. Lakini infliksimabu na adalimumabu hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto tumboni. Mtoto wa mama huyo asipewe BCG siku ya kuzaliwa kama ilivyo desturi. Wataalamu hushauri kungoja angalau miezi 6, na kwa infliksimabu wadhibiti wa dawa barani Ulaya wamependekeza miezi 12. Mwaka wa 2010 iliripotiwa Uingereza kwamba mtoto mchanga alifariki kutokana na viini vya BCG baada ya mama yake kutibiwa kwa infliksimabu akiwa mjamzito. Jina la dawa liandikwe wazi kwenye kijitabu cha kliniki ya wajawazito, mkunga alione.

Baada ya kuanza

Majibu safi ya vipimo hayamalizi kazi. Katika nchi yenye kifua kikuu kingi, mtu aweza kuambukizwa upya wakati wowote. Homa isiyoeleweka, jasho jingi usiku, kikohozi cha wiki 2, tezi zilizovimba, tumbo kujaa maji au kukonda tena ni dalili za kupelekwa hospitalini upesi, hata kama utumbo umetulia.

Wakati dawa inatiwa mshipani, kuwashwa, kubanwa kifua, kizunguzungu au uso kuvimba kuelezwe muuguzi papo hapo. Nyumbani, homa kali au kidonda kinachotoa usaha visisubiri miadi ijayo.

Kosa linaloweza kuzuilika kwa urahisi ni la mgonjwa kufika kwa mhudumu asiyemfahamu, akapokelewa kama mwenye malaria, na asiseme anatumia dawa gani. Kila anayeanza dawa hizi abebe kadi yenye jina la dawa, tarehe ya dozi ya mwisho, majibu ya kipimo cha kifua kikuu na nambari ya simu ya daktari wake. Zahanati yoyote, iwe Sagalla au Wundanyi, itajua pa kuanzia.